Raba za Baada ya Wifi

Wifi yangu alifia njiani, Jumamosi asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, kwenye barabara ya vumbi inayopanda mlima nyuma ya Nyasura, pale Bunda. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua kama mia mbili hivi, nimekaa juu ya jiwe na kiatu cha kulia mkononi.

Alikuwa mdogo wake mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa. Alipanga vyumba viwili Nyasura na alikuwa na binti mmoja aliyemlea peke yake. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Nyakato, Musoma. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa napeleka nguo za wateja Bunda, Ijumaa nalala kwake, na Jumamosi kabla jua halijawa kali tunakimbia. Yeye ndiye aliyenianzisha. Nilipomlalamikia kwamba kukaa kwenye cherehani kutwa kunaniongezea mwili na kunikakamaza magoti, hakunipa pole. Alinitupia fulana yake moja kubwa akasema, "Kesho saa kumi na mbili, wifi. Ukichelewa nakumwagia maji."

Kitu alichokuwa hachoki kukisema ni raba zangu. Nilizinunua kwenye mtumba sokoni Musoma kwa sababu ya rangi. Kisigino chake kilikuwa kinene kama nusu mkate, na mbele zimechongoka. Mguu wangu ni wa Bukima. Nimekulia ufukweni, nikikanyaga mchanga na mawe, nikianika dagaa juani, na kiatu cha kwanza nilivaa nikiwa darasa la tano. Vidole vyangu vimetawanyika kama vya mkono. Mguu wa namna hiyo ukiuingiza kwenye kiatu kilichochongoka, unaumia kila hatua.

"Wifi, hizo raba zina kisigino kama za harusini," alikuwa ananiambia. "Unakimbia au unakwenda kupokea zawadi? Tafuta bapa kama hizi zangu. Mguu ukae kama ulivyoumbwa."

Raba zake kweli zilikuwa bapa, kisigino na vidole usawa mmoja, soli nyembamba yenye mistari ya mawimbi na duara katikati. Alikuwa akizikanyaga kwa namna yake: mguu wa kushoto unatua vizuri, wa kulia unaburuza kidogo kabla ya kunyanyuka. Chap, chap, fyu. Ukiwa ndani ya nyumba ungejua ni yeye anayekuja.

Asubuhi ile tulianza vizuri. Tulipofika mlima unapoanza kukaza nilimwambia raba inanibana. Nikakaa kwenye jiwe.

"Tena?" aliuliza, huku anarukaruka palepale asipoe.

"Tangulia, nakuja."

Alicheka, akaendelea. Nilisikia hatua zake zikipanda, zikakata kona, halafu zikanyamaza. Nikajua amesimama kunisubiri. Nilisugua vidole, nikakung'uta kiatu, nikafunga kamba, nikaifungua, nikaifunga tena. Nilipokata kona nilimkuta amelala kifudifudi katikati ya barabara, mkono mmoja chini ya kifua, kama mtu aliyeinama kutafuta kitu akachoka. Nilimgeuza. Nilimpiga mashavu. Nilipiga kelele mpaka wanaume waliokuwa wakipeleka ng'ombe malishoni wakaja mbio. Tulimbeba, lakini wote tuliombeba tulikuwa tunajua.

Tulimzika Butiama, nyumbani kwao. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema yale ambayo husemwa kila msiba: mwenzetu ametangulia, nasi tuko nyuma yake tunakuja. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuyatilia maanani. Siku ile yalikuwa maneno yangu mwenyewe, karibu neno kwa neno, yanarudishwa kwangu na mtu asiyejua. Nilitoka katikati ya watu nikaenda kusimama nyuma ya zizi, nikashika mti wa uzio mpaka mikono ikafa ganzi.

Watu waliniuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. "Si mlikuwa wote?" Tulikuwa wote, nilisema. Raba ilinibana, nikakaa kidogo. Nililisema hilo kwa mume wangu, kwa walimu wenzake, kwa majirani wa Nyasura, mpaka likawa kama risala. Mtu mmoja tu hakuniuliza: mama mkwe wangu. Alinishika mkono tukiagana akasema nikale. Basi.

Niliporudi Nyakato, raba zile nilizitupa chooni. Nilidhani nimemaliza. Wiki ya pili niko kwenye cherehani, naunga sketi ya shule, nikasikia chini ya mlio wa pedali: chap, chap, fyu. Nikasimamisha mguu. Nje palikuwa na mwanamke na beseni la samaki aina ya furu kichwani, amevaa kandambili, anapita zake. Nilikaa nikimtazama mpaka akapotea. Siku nyingine nilisikia nikiwa kanisani, kwenye sakafu ya saruji, mtu anakwenda kutoa sadaka. Siku nyingine sikuona mtu yeyote. Wateja wakaanza kuona. Mtu ananipa vipimo, mimi nimeinua kichwa kama mbwa aliyesikia jina lake. Bunda nikaacha kwenda. Nguo za huko nilizituma kwa basi.

Goti likavimba hata hivyo. Sukari ikapanda. Muuguzi aliyenipima aliniambia nianze kutembea, nikatembea na kandambili kuzunguka Nyakato asubuhi, na baada ya mwezi muundi wa kulia ukawa unawaka moto. Ndipo nikaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, pale pale mjini.

Alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini macho yake yalikuwa ya fundi. Alinivua viatu, akanitembeza kwenye korido kwenda na kurudi, yeye amechuchumaa nyuma yangu akitazama visigino.

"Mama, umekulia wapi?"

"Bukima."

"Peku?"

"Peku. Mpaka darasa la tano."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akanionyesha kandambili zangu: upande wa ndani wa kisigino cha kulia ulikuwa umelika mpaka unaona weupe. "Mguu wako wa kulia unalalia ndani," alisema. "Ukikanyaga, kifundo kinainama, goti linafuata, muundi unavutwa. Kwa hiyo unahitaji raba inayoshikilia upande wa ndani. Isiwe ngumu kama ubao, iwe na ukingo tu wa kuuzuia mguu usianguke. Pili, iwe na sponji ya kutosha, maana umri umekwenda na unatembea kwenye lami. Tatu, kwa mguu kama huu ningekushauri bapa. Kisigino kisiwe juu kuliko vidole. Na mbele iwe pana."

Niliposikia bapa nilimkazia macho.

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Kuna mtu alishaniambiaga."

"Basi ungemsikiliza," alisema huku anaandika, bila kuinua kichwa. Hakukusudia baya. Nilitazama ukuta mpaka macho yakakauka.

Akaniambia pia nisizivae siku nzima mara moja. Mtu akitoka kwenye kisigino kirefu kwenda bapa, misuli ya nyuma ya mguu na ule mshipa mnene wa kisigino hubeba kazi ambayo haijazoea. Nianze na dakika kumi za kutembea. Niongeze taratibu. Na ninunue za kike, kwa sababu kisigino cha mwanamke mara nyingi ni chembamba, na raba ya kiume ingenichezea nyuma hata kama mbele imenitosha.

Nikaenda sokoni, mtumba. Muuzaji alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Alichambua rundo, akatoa pea moja ya kijivu. Niliipima kwa namna ninavyopima kitambaa. Niliminya kisigino, kikawa kigumu kiasi. Nikaikunja mbele, ikapinda pale vidole vinapopindia. Nikaisokota kama nguo iliyofuliwa, ikakataa kusokotwa sana, na huo ndio uimara nilioambiwa. Upande wa ndani ulikuwa na ukingo. Kisigino na mbele usawa mmoja. Sponji tele. Namba yangu.

Nikaingiza mkono ndani.

Mimi ni fundi. Nguo zilizovaliwa nazijua. Naletewa gauni la marehemu nipunguze limtoshe binti yake, na kabla sijaambiwa chochote naona kiwiko alichokuwa anaegemea, naona bega alilobebea mtoto. Kitambaa kinashika mwili wa mwenyewe. Ndani ya raba ile vidole vyangu viligusa mashimo matano, yamepangana, na nyuma yake bonde la kisigino. Mwanamke fulani, sijui wa nchi gani, alisimama humo miaka.

"Vaa mama, utembee," alisema muuzaji.

Nikavaa. Mguu wangu ukateleza ukakaa ndani ya mguu wa yule mtu. Nikatembea hatua tano kati ya marundo ya nguo, sita, saba, na mguu wangu wa kulia ukaburuza. Fyu. Nikasimama. Nikatembea tena. Chap, chap, fyu. Safari hii haikutoka nje. Nilikuwa mimi.

Najua ilikuwaje. Aliyezivaa kabla alikuwa ameila soli ya kulia upande wa nje, na yeyote ambaye angezivaa angeburuza vilevile. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nyumbani, nimekunywa maji. Pale sokoni nilizivua nikiwa nimesimama, nikaziacha katikati ya njia, nikaondoka na kandambili zangu mkononi.

"Mama! Umeona nini?" muuzaji aliniita.

Sikugeuka.

Kwa hiyo ilibidi ziwe mpya. Mteja wangu mmoja alinipa namba ya simu ya mwanamke wa Mwanza anayeuza viatu vya mazoezi. Nilimweleza nilivyoelezwa, akasema anazo za aina hiyo lakini hatumi kiatu kwa kubahatisha. "Nichoree miguu yote miwili kwenye karatasi, unipigie picha na rula pembeni," alisema. "Uchore jioni, mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Vaa soksi. Usimame wima, uzito wote uwe mguuni, na mtu mwingine ndiye achore, kwa sababu ukiinama mwenyewe mguu unasogea."

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunakwenda Butiama. Mwaka ulikuwa umetimia, na ndugu walikuwa wamekubaliana kujengea kaburi. Mume wangu alitangulia na mafundi na saruji, mimi nikafuata, nikaweka karatasi na penseli kwenye mkoba katikati ya nguo.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nilitoka na ndoo kwenda bombani, na njia inapita kando ya zizi. Tope lilikuwa jipya, limelala kama unga uliokandwa. Na juu ya tope, kutoka mlango wa jikoni mpaka langoni kwa ng'ombe, palikuwa na nyayo.

Mistari ya mawimbi. Duara katikati.

Niliweka ndoo chini. Nakumbuka niliiweka taratibu sana, kana kwamba nikipiga kelele kuna mtu ataamka. Nyayo zilikuwa mbichi, maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani ya duara. Zilikuwa zinakwenda tu, hazirudi. Mwaka mzima nilikuwa nasikia, nikajiambia ni masikio. Sasa nilikuwa naona. Sikuomba, sikukimbia. Nilifanya kitu ambacho sikukitegemea: nilizifuata, nikikanyaga pembeni ili nisizifute.

Mama mkwe alikuwa ndani ya zizi, amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, anakamua. Miguuni alikuwa amevaa raba za binti yake.

Aliniona nimeshika uzio. Akatazama ninapotazama.

"Zinanienea," alisema. Akaendelea kukamua.

Nilirudi kwenye ndoo, nikachota maji, nikapika chai ya mafundi, na nikamwaga sukari nyingi mezani.

Jioni kaburi lilikuwa limekwisha, watu wametawanyika, mume wangu amewasindikiza mafundi barabarani. Mtoto wa wifi, ambaye sasa alikuwa anaishi na bibi yake, alikuwa uani anaruka kamba. Alikuwa na miaka kumi. Mimi niliingia sebuleni nikatandaza karatasi sakafuni, nikavaa soksi, nikaanza kujichora. Kila nilipoinama, mguu ulisogea. Mama mkwe akaingia.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Viatu, goti, mwanamke wa Mwanza. Niliona aibu, siku ya kaburi nahangaika na viatu.

"Lete hiyo penseli."

"Hapana mama, nitamngoja baba watoto."

"Lete."

Akapiga magoti mbele yangu. Mwanamke aliyemzaa mume wangu, amevaa kitenge cha msiba, amepiga magoti kwenye sakafu mimi nimesimama. "Mama, tafadhali, usipige magoti," nilisema, nikataka kuinama nimwinue, akanigonga mguu kwa penseli. "Simama wima. Si umesema uzito wote?"

Akaanza kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Alichora polepole, penseli wima, akikishikilia kidole changu kwa kidole chake. Nilikuwa natazama kilemba chake. Sijui kama ningeweza kusema kama angekuwa ananitazama usoni.

"Mama, raba haikuwa inanibana sana."

Penseli iliendelea.

"Siku ile. Niliwaambia watu raba ilinibana. Ilikuwa inanibana kidogo, kama siku zote. Nilikuwa nimechoka. Nilimdanganya nipate kupumzika. Nilisikia hatua zake zimenyamaza, na nikajua ananisubiri, na nikafunga kamba mara mbili ili nikae zaidi. Ningekwenda, ningemkuta bado anapumua. Labda."

Alifika kisigino, akazunguka, akapanda upande wa ndani. Akamaliza pale alipoanzia. Kisha akasema, "Leta mwingine."

Nikaweka mguu wa kushoto.

"Alikuwaga na miaka kumi na miwili," alisema. "Alikuwa anafukuza ndama, hapo chini, akaanguka. Tukadhani ni malaria. Tukampeleka hospitali, daktari akamsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akamwita mwenzake. Wakasema moyo wake una ukuta mnene kuliko unavyotakiwa. Asikimbie. Asishindane. Akikimbia, moyo unaweza kusimama."

Nilihisi penseli imesimama kwenye kidole gumba.

"Alilia kutwa. Akaniambia mama, ukimwambia mtu nitakuwa mgonjwa mpaka nizeeke, hakuna atakayenitaka, hakuna atakayeniajiri. Nikamwahidi. Hata kaka yake sikumwambia. Alivyohamia Bunda nikasikia anakimbia. Nikawa namuuliza kwenye simu, unakimbiaga? Ananiambia, natembeaga tu, mama. Nilijua ananidanganya. Mama anajua."

Watu husema katika wakati kama ule mzigo hutoka. Mimi nilipata hasira. Mwaka mzima sikulala vizuri, mwaka mzima nilikuwa nageuka nyuma sokoni, na huku Butiama kulikuwa na mtu anayejua.

"Mama, mngeniambia ningemzuia."

Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Wewe? Yule? Ungemzuia?"

Hakuna aliyewahi kumzuia wifi kitu chochote. Lakini nilijua pia kwamba ningekuwa nimejua, nisingemwambia atangulie. Nadhani na yeye alilijua, ndiyo maana hakushusha macho.

Tulikaa hivyo, mimi nimesimama kwenye karatasi, yeye magotini. Nje kamba ilikuwa inapiga ardhi, pa, pa, pa, pa, haraka, na mtoto alikuwa anahesabu kwa sauti, amepita sabini. Tulimsikia sote wawili kwa wakati mmoja. Niliona uso wa mama mkwe unabadilika kama wa mtu aliyesahau chungu motoni, na nadhani wangu ulikuwa hivyohivyo.

"Na huyu?" niliuliza. "Huyu amepimwa?"

Nilitoka na soksi, nikapita kwenye tope, nikaishika ile kamba hewani.

"Anti, umeniharibia!" mtoto alisema. Alikuwa anahema, anacheka.

"Pumzika kidogo," nilimwambia. "Njoo unywe maji."

Mama mkwe alimalizia mguu wa kushoto kabla ya chakula. Mstari wake ulitoka umepindapinda. Nilipoutuma kwa picha, mwanamke wa Mwanza alinipigia: "Mguu wa kushoto una nini mama? Mbona ukingo unatetemeka?" Nikamwambia aliyechora ni mtu mzima, afuate wa kulia na aongeze nafasi ya kidole gumba mbele.

Raba zilifika stendi ya Musoma kwa basi, Alhamisi. Nilizipeleka kibandani, nikaziweka juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuchukua rula. Kisigino na mbele, usawa uleule. Nikaingiza mkono. Ndani palikuwa laini, sawasawa, hakuna bonde, hakuna shimo, hakuna mtu. Rangi ilikuwa zambarau iliyokolea ambayo mimi nisingeichagua hata kwa pazia. Nilipovaa, vidole vyangu vilitandazika kila kimoja mahali pake, na upande wa ndani wa mguu wa kulia nikahisi kama kiganja kimeniegemeza. Nililia kidogo, nikafuta uso kwa kipande cha bitana, nikamfungulia mteja mlango.

Nilianza na dakika kumi. Misuli ya nyuma ya miguu ilikaza mpaka nikawa nashuka kizingiti kwa ubavu. Wiki ya tatu ikalegea. Muundi ukapoa. Wiki ya sita nilikimbia kutoka kibandani hadi kanisani, mara ya kwanza tangu Nyasura, na hatua zake nilizisikia. Siwezi kusema ziliondoka. Zilikuwa pembeni yangu, mkono wa kulia, na sikugeuza kichwa kuangalia.

Hasira yangu kwa mama mkwe ilichukua muda mrefu zaidi ya misuli. Nilimpigia simu kwa jambo moja tu: kliniki ya moyo, Mwanza, lini. Mume wangu tulimweleza pamoja, yeye akiwa amekaa kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akarudi baada ya muda mrefu na kuuliza basi la saa ngapi. Mama mkwe alisafiri na zile raba za binti yake. Alikuwa amezisugua zikawa nyeupe.

Kwenye korido ya hospitali tulikaa kwenye benchi, wanawake wawili tusiozungumza, mtoto katikati. Walimpaka mafuta kifuani, wakamwangalia moyo kwenye kioo cha mashine. Daktari alikuwa mpole. Alisema upo, ule unene, kama wa mama yake, lakini bado ni mdogo. Dawa zipo. Vipimo kila mwaka, na mjomba wake naye apimwe. Atembee, acheze kwa kiasi, asishindane mbio. Akamfundisha kuweka mkono kifuani na kuhesabu mapigo, na kukaa chini akisikia yanakimbia bila sababu. Mume wangu alipimwa siku ileile, wake ni mzima.

Tulipotoka nje kwenye jua mtoto aliuliza, bila kumtazama yeyote, "Mama alijua?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe alinitangulia.

"Alijua," alisema. "Na mimi nilijua. Tulikosea."

Mpaka tunafika stendi mtoto alikataa kushikwa mkono na bibi yake, akakataa na wangu. Kwenye basi alilala begani kwa mjomba wake, au alijifanya amelala.

Sasa anaishi na sisi Nyakato kwa sababu ya kliniki, na likizo anakwenda Butiama. Ilichukua miezi kabla hajamsamehe bibi yake vya kutosha kucheka naye kwenye simu. Mimi na bibi yake tunazungumza. Akija ananiuliza goti, mimi namuuliza ng'ombe, na siku moja, bila mtu kumwomba, aliinua raba zangu mlangoni, akaminya kisigino, akazigeuza akatazama soli upande wa ndani, akazirudisha chini zikiwa zimepangwa.

Jumamosi natembea na mtoto mpaka ziwani. Mwendo ni wake, siuharakishi. Jumamosi iliyopita tulipofika aliniambia nikimbie kidogo, yeye atanitazama. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, nenda anti. Nilikimbia ufukweni mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi, nikaizunguka ya mwisho. Nilipogeuka alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, mkono kifuani, midomo inacheza, anahesabu.